Ago Halinyewi: Kambi za Wavuvi katika Historia ya Pwani

Mwalimu anayefundisha Kiswahili mjini Goma au Bukavu hutaja pepo mbili za bahari kila siku bila kukusudia. Asemapo Kivu ya Kaskazini, ametaja kaskazi. Asemapo Kivu ya Kusini, ametaja kusi. Bahari yenyewe iko mbali naye zaidi ya kilomita 1,000, na wengi wa wanafunzi wake hawajapata kuiona. Hata hivyo, pande hizo mbili za dunia wanazitaja kwa maneno ya watu waliolala juu ya mchanga, chini ya matanga ya vyombo vyao, wakingojea upepo ugeuke. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za watu hao, na za mahali walipolala, yaani ago au dago: kambi ya muda ya wavuvi.

Historia ya pwani yetu imezoeleka kusimuliwa kwa mawe. Wanafunzi husoma habari za misikiti ya Kilwa, magofu ya Gedi na nyumba za ghorofa za Lamu, na ni haki wazisome. Lakini jiwe hudumu na kuti huoza; kwa hiyo aliyejenga kwa jiwe hukumbukwa, na aliyelala chini ya tanga husahauliwa. Sisi twaona kwamba ago ni kongwe kuliko mji wa mawe, na kwamba sheria yake, iliyohifadhiwa katika methali moja fupi, ilikuwa na busara ambayo mipaka ya nchi iliyokuja baadaye haikuwa nayo.

Neno na methali yake

Neno hili husikika kwa sura mbili, ago na dago, na wingi wake ni mago na madago. Kwa wavuvi wengi wa Pemba na Unguja, "kwenda dago" ni kuondoka nyumbani kwa majuma au miezi, kwenda kuvua katika maji ya mbali na kupiga kambi huko. Kambi yaweza kuwa ya askari, ya wajenzi wa reli au ya wakimbizi. Ago ni la mtu wa safari na wa mawindo: ni mahali pa kutua kwa muda, ambapo wengine walitua kabla yetu na wengine watatua baada yetu.

Maana hiyo ndiyo msingi wa methali isemayo: Ago halinyewi, huenda ukauya papo. Kuuya ni kurudi, katika lahaja za Mombasa na za kaskazini yake. Kitenzi cha kwanza ni kile ambacho mwalimu huona haya kukitaja mbele ya darasa. Wahenga hawakuona haya, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa kubwa. Ufuoni penye kisima kimoja cha maji matamu, mtu mmoja asiye na adabu aliweza kuwaletea wenzake wote maradhi. Kwa maneno ya heshima, methali yasema: usipachafue mahali ulipopiga kambi, kwani waweza kurudi papo hapo.

Tuangalie pia sarufi yake. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, wala hakimtaji mtenda. Methali haikusema mgeni asilichafue ago, wala haikusema mwenyeji asilichafue. Imesema ago halichafuliwi, ikanyamaza. Tutarudi kwenye jambo hili mbele.

Pepo zilizopanga mwaka

Msomaji wa bara hataelewa ago asipoelewa pepo. Kaskazi huvuma tangu mnamo Desemba hata Machi. Katika miezi hiyo jua ni kali, na bahari kwa kawaida ni tulivu zaidi. Kusi huanza kushika nguvu baada ya masika kuingia, na hutawala hata mnamo Septemba. Upepo huo ni mkali, mawimbi ni makubwa, na chombo kidogo hulazimika kubaki ndani ya miamba au kutafuta maji yaliyokingwa. Kati ya majira hayo mawili huja malelezi, siku za pepo za kugeukageuka.

Baharia huita upande upepo utokako joshi, na upande uendako demani. Ndipo tunapopata methali nyingine: Dau la mnyonge haliendi joshi. Mwenye chombo dhaifu hawezi kushindana na upepo. Hana budi kwenda nao, kisha kungoja ugeuke ndipo arudi. Katika kungoja huko ndimo ago lilimozaliwa. Wavuvi hawakupiga kambi kwa kupenda kutembea. Walipiga kambi kwa sababu samaki walikuwa mbali na upepo ulikuwa na ratiba yake.

Ratiba hiyo ilihitaji hesabu. Mwaka wa Hijra hufuata mwezi, na miezi yake hupita katika majira yote. Hauwezi kumwambia mvuvi ni lini kusi litalegea. Kwa hiyo watu wa pwani waliweka pia mwaka wa jua, mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, zilizohesabiwa kwa makumi yaliyoitwa miongo. Sherehe ya kuufungua mwaka huo ingali ikifanywa Makunduchi, Unguja, kwa jina la Mwaka Kogwa. Kwa kuwa hesabu hiyo haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, mwanzo wake umekuwa ukirudi nyuma polepole katika kalenda ya kawaida, na siku hizi huangukia Julai.

Mwezi nao ulikuwa na kazi yake. Unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake yaweza kufika kiasi cha mita 4. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, uwanda mkubwa wa mwamba huachwa wazi, na hapo hata asiye na chombo huweza kuchokoa pweza kwa mchokoo. Mvuvi wa ago alihesabu basi mambo mawili kwa pamoja: jua kwa ajili ya upepo, na mwezi kwa ajili ya maji.

Maisha ya agoni

Mahali pa ago hapakuchaguliwa ovyo. Palihitajika kisima au maji ya kuchimba, ghuba ya kutia nanga, na mchanga ulio juu ya alama ya bamvua. Tena palihitajika miti au kilima cha kukinga upepo. Usiku wa kwanza nyumba ilikuwa tanga lenyewe. Lilifunguliwa kutoka kwenye foromali, likatandazwa juu ya miti na makasia, na mgongo wake ukaelekezwa joshi. Waliokusudia kukaa msimu mzima walijenga mabanda ya makuti. Hema lilikuwa kitu cha msafiri mwenye uwezo. Kwa mvuvi, kitambaa kilichomwendesha mchana ndicho kilichomfunika usiku.

Zana zilitofautiana kwa mahali na kwa samaki. Palikuwa na mshipi wenye ndoana, chambo na chubwi ya kuuzamisha. Jarife la matundu mapana kwa papa na samaki wengine wakubwa. Madema yaliyofumwa na kutegwa miambani. Na juya lililovutwa na watu wengi hadi ufuoni. Siku ambazo upepo ulikataza chombo kutoka, mtu aliweza kusimama ukingoni, maji yakimfika magotini, na kuurusha mshipi ng'ambo ya mahali mawimbi yanapovunjikia. Uvuvi wa namna hii wafaa hasa pale ambapo mwamba umekatika na mawimbi yanaufikia mchanga wenyewe, kama ilivyo karibu na mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi.

Barafu haikuwako. Samaki walipasuliwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa, wakawa ng'onda. Hapa upepo ulikuwa na sura mbili: ule ule uliowazuia watu kutoka baharini ndio uliowakausha samaki waliokwisha kuvuliwa. Bila ng'onda ago lisingewezekana, kwa maana samaki wabichi wasingefika sokoni ila wameoza.

Mapato yaligawanywa kwa mafungu yaliyojulikana tangu mwanzo: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya watu, nahodha akiwa na haki yake. Mara nyingi nyuma ya nahodha alikuwako tajiri aliyetoa fedha za chakula na vifaa, naye alidai kununua samaki kwa bei aliyoitaka. Tusilipambe ago kupita kiasi. Wengi walirudi nyumbani na deni walilokwenda nalo.

Kwa mwenyeji, mgeni alifika kwa adabu. Nahodha aliwaona wazee wa kijiji, akaonyeshwa mahali pa kutua na kisima cha kuteka, naye akatoa kitoweo. Ramadhani ilipokaribia, wengi walivunja kambi ili wafunge na kusherehekea Idi pamoja na jamaa zao.

Kwetu sisi walimu kuna jambo jingine la kuzingatia. Katika ago moja waliweza kukutana Mpemba, Mtumbatu, Mvumba wa Vanga au Wasini, mtu wa Mombasa na Mbajuni, kila mmoja na lahaja yake. Hawakuwa na kamusi wala kamati. Walihitaji kusikilizana juu ya kamba, upepo na mwamba uliofichika, tena upesi, kwa kuwa kutoelewana baharini huua. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wavuvi walikuwa wamezoea tangu zamani kuvuka tofauti za lahaja, bila yeyote kuiacha ya kwao.

Kabla ya mawe

Ushahidi wa kale zaidi ulioandikwa juu ya pwani yetu ni kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Mwandishi wake anataja kisiwa cha Menouthias, ambako alisema kuna mashua zilizoshonwa na mitumbwi ya gogo moja, vitumiwavyo kuvulia samaki na kukamatia kasa. Anaongeza kwamba watu wa huko walitega vikapu katika milango ya maji. Wataalamu hawajakubaliana kama kisiwa hicho ni Pemba, Unguja au Mafia. Lakini yeyote aliyeona dema au uzio atatambua kwamba kazi inayosimuliwa ni ya ukoo mmoja na hii tunayoijua. Hakuna jumba la mawe katika habari hiyo, kuna mvuvi.

Uchimbaji uliofanywa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, umetuonyesha jambo la namna hiyo. Tabaka za chini kabisa ni za karne ya 8, na majengo yake yalikuwa ya miti na udongo. Nyumba za matumbawe zilikuja karne nyingi baadaye. Hata msikiti wa mawe ulisimama juu ya alama za misikiti midogo ya miti iliyoutangulia. Mifupa iliyochimbuliwa katika miji ya kale inaonyesha pia kwamba wakazi wa mwanzo walivua hasa karibu na ufuo na ndani ya miamba, na kwamba uvuvi wa maji makuu, pamoja na papa wakubwa, uliongezeka baada ya mwaka 1000 hivi. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba chakula cha watu wake kilikuwa hasa ndizi na samaki.

Hatusemi kwamba kila mji ulianza kuwa ago; kilimo, ufugaji na biashara vilikuwa na sehemu yao. Twasema tu kwamba mahali penye kisima, ghuba na kinga ya upepo, panapomfaa mvuvi wa msimu, ndipo panapomfaa pia yule atakayeamua kutoondoka tena. Kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, hapo palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima. Mji mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki ulikua kando ya kijiji hicho.

Mpaka uliopita juu ya maji

Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kuigawa bara ya Afrika Mashariki. Mstari ulianzia kwenye mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, ukaelekea ziwa Viktoria. Sultani wa Unguja aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Mwaka 1890 Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza, na tangu mwaka 1895 ukanda wa pwani ya Kenya ukatawaliwa na Waingereza kwa kumlipa Sultani kodi kila mwaka. Utawala ulikuwa wa Mwingereza, lakini bendera ya Sultani iliendelea kupepea Mombasa.

Maana yake kwa mvuvi ilikuwa nyepesi. Mpemba aliyevuka mlango wa bahari wa kilomita 50 hivi, akapiga ago Vanga, Wasini au Shimoni mwaka 1910 au 1930, hakuwa amekwenda nchi ya kigeni. Alitoka katika ardhi ya Sultani akaingia katika ardhi ya Sultani. Aliyeoa huko, akazaa, akaacha kurudi, hakuwa na sababu ya kutafuta karatasi.

Mwezi wa Oktoba 1963 ilikubaliwa kwamba ukanda huo uwe sehemu ya Kenya. Unguja ilipata uhuru tarehe 10 Desemba, na Kenya tarehe 12 Desemba, mwaka huo huo. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 26 Aprili ukafanywa muungano na Tanganyika. Baada ya mapinduzi watu wengine walivuka kutoka Pemba kwa sababu zisizohusu samaki. Katika miezi michache tu, watu waliokuwa pande mbili za maji yale yale wakawa raia wa nchi mbili. Waliokuwa katikati, wenye asili ya Pemba na makazi ya Kenya, wakajikuta hawatambuliwi kwa urahisi na upande wowote.

Matokeo yake yalidumu kwa miaka mingi. Bila kitambulisho mtu hapati leseni ya uvuvi kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, hamiliki ardhi kwa hati. Watoto waliozaliwa Kwale na Kilifi, na wazazi wao waliozaliwa huko huko, waliitwa wageni. Ni mwaka 2023 ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za nchi hiyo, na kuanza kuwapa vitambulisho. Tangu uhuru miaka 60 ilikuwa imepita.

Methali mbele ya nyakati zetu

Sasa turudi kwenye ile sarufi tuliyoitaja, ya kitenzi kisichomtaja mtenda. Wenyeji wa fukwe nyingi wana malalamiko ya haki dhidi ya wageni wa dago. Baadhi ya wageni hao wamekuja na nyavu za matundu madogo na majuya yanayokokota chini na kuvunja matumbawe, wakaondoka na samaki wachanga, wakamwachia mwenyeji bahari tupu. Huyo amelinya ago. Kosa lake ni baya zaidi kuliko la kuchafua mchanga, kwa kuwa mchanga husafishwa na bamvua, na mwamba uliovunjika huchukua miaka mingi kupona. Ni sawa basi kwamba siku hizi, katika sehemu nyingi, mgeni hutakiwa kufika na barua ya utambulisho na kukubali masharti ya kamati ya wavuvi ya mahali hapo. Tukiangalia vizuri, huo ni ule utaratibu wa nahodha na wazee wa kijiji, ila sasa umeandikwa.

Lakini methali haikumlenga mgeni peke yake. Mwenye kujenga ukuta wa hoteli hata ukamzuia mvuvi kufika majini naye amelichafua ago lililotangulia hoteli yake. Na jamii inayokula samaki wa mtu kwa miaka 60 huku ikimnyima jina haiwezi kusema kwamba imelitunza.

Neno "huenda ukauya papo" si kitisho cha bure. Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake wana jamaa zao upande wa Lamu, na wavuvi wao walizoea kushuka kusini kufuata samaki. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, wengi wao walipanda vyombo wakakimbilia pwani ya Kenya. Waliifikia kama wakimbizi pwani ile ile ambayo wavuvi wa kabila lao walikuwa wakiijua kwa kazi. Mtu hajui ni lini atalihitaji tena ago alilolipita.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kambi ya wavuvi ilichangia mambo makubwa matatu. Ilikuwa miongoni mwa mizizi ya miji yetu. Ilikuwa mahali lahaja zilipozoeana. Na ilijenga desturi ya kuishi pamoja kati ya mgeni na mwenyeji kabla ya kuwako pasi na vitambulisho. Wala kambi hizo hazijakwisha. Hata leo wavuvi wa Unguja na Pemba huenda dago, na dagaa wa Unguja, waliochemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa, hununuliwa na wafanyabiashara kutoka Kongo. Kwa hiyo kitu kutoka ufuoni humfikia msomaji wetu wa bara jikoni mwake, kama vile maneno ya ufuoni yalivyomfikia darasani.

Kwa walimu tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, methali hii ifundishwe bila kuonewa haya, pamoja na sarufi yake na kisa chake, na wanafunzi waulizwe ni nani hasa anayekatazwa. Pili, wale walio karibu na maziwa ya Tanganyika, Kivu, Viktoria na Albert wawatume wanafunzi wao kwa wavuvi, wakaandike majina wanayoyatumia kwa pepo za ziwa, kwa kambi zao, kwa sehemu za mtumbwi na kwa kugawana samaki, katika Kiswahili na katika lugha za kwao. Maneno hayo yako midomoni mwa wazee, na mengi hayajaingizwa katika kamusi. Yakikusanywa mapema, kizazi kitakachorudi kuyatafuta kitayakuta mahali pake.